Fidia ya kaboni

Fidia ya kaboni ni utaratibu ambao mtu, kampuni au nchi inayotoa gesijoto hulipia kazi ya kupunguza au kuondoa gesi hizo mahali pengine, kisha huihesabu kazi hiyo kama yake. Kipimo chake ni kredi ya kaboni. Kredi moja husimama badala ya tani moja ya hewa ukaa (dioksidi kabonia) iliyozuiwa isiingie hewani au iliyoondolewa humo. Magazeti ya Afrika Mashariki huziita mara nyingi "mikopo ya kaboni", jina linalopotosha, kwa kuwa hapa hakuna anayekopa wala anayekopesha. Kinachouzwa ni hati. Nchini Tanzania utaratibu wote hujulikana zaidi kama biashara ya kaboni au biashara ya hewa ukaa.

Hoja ya msingi ni kwamba hewa ukaa haina mipaka. Tani iliyotoka kwenye bomba la kiwanda huko Ujerumani na tani iliyotoka kwenye msitu unaochomwa Katavi huchanganyika katika anga moja na huleta joto lilelile. Kwa hiyo, wanasema watetezi wake, afadhali kupunguza mahali ambapo gharama ni ndogo. Hesabu hiyo haina kosa. Ugumu uko kwenye swali la pili: nani anathibitisha kwamba msitu ule ungechomwa kweli kama fedha zisingekuja?

Msingi wa kisayansi

Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia ni kaboni iliyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Ikichomwa, kaboni hiyo huungana na oksijeni na kuwa hewa ukaa, ambayo huzuia sehemu ya joto la dunia lisitoke kwenda anga za juu. Kabla ya zama za viwanda, hewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alipoanza kuipima mfululizo katika mlima wa Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, kiasi hicho kilikuwa kimefikia 315 hivi. Sasa kimepita 420.

Mimea hufanya kinyume: huvuta hewa ukaa kwa usanisinuru na kujenga shina, mizizi na majani. Karibu nusu ya uzito wa mti uliokaushwa ni kaboni. Kwa kuwa uzito wa atomu ya kaboni ni 12 na wa molekuli ya hewa ukaa ni 44, kila kilo ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ukaa. Mti wenye kilo 100 za mbao kavu una basi takriban kilo 50 za kaboni, ambazo ni kilo 183 za hewa ukaa. Ili kupata kredi moja inahitajika miti mitano au sita ya namna hiyo, na iendelee kusimama.

Gesi nyingine hupimwa kwa kulinganishwa na hewa ukaa. Methani, itokayo kwenye majalala, mashamba ya mpunga na matumbo ya ng'ombe, huhesabiwa kuwa na nguvu mara 28 hivi ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo sababu mradi wa kuchoma gesi ya jalala la jiji unaweza kupata kredi nyingi kuliko shamba kubwa la miti.

Historia

Mfano wa mwanzo unaotajwa sana ni wa mwaka 1988. Kampuni ya umeme ya Marekani, AES, ilikuwa ikijenga kituo cha makaa ya mawe katika jimbo la Connecticut, ikakubali kugharimia upandaji wa miti kwa wakulima wa Guatemala kupitia shirika la CARE. Wakati huo hakuna sheria iliyoilazimisha.

Itifaki ya Kyoto, iliyopitishwa Desemba 1997 na kuanza kutumika Februari 2005, iliugeuza mpango wa hiari kuwa chombo cha mataifa. Nchi tajiri zilizobanwa na itifaki hiyo ziliruhusiwa kutimiza sehemu ya wajibu wao kwa kununua kredi kutoka miradi ya nchi zinazoendelea, chini ya kile kilichoitwa Utaratibu wa Maendeleo Safi. Miradi mingi ilikwenda China, India na Brazili. Afrika yote ilipata asilimia chache tu.

Utaratibu huo uliacha funzo ambalo bado linafundishwa. Gesi iitwayo HFC-23 ni taka inayotokea wakati wa kutengeneza gesi ya majokofu, na tani moja yake ilihesabiwa kuwa sawa na tani 11,700 za hewa ukaa. Kuiteketeza ni kazi rahisi na ya gharama ndogo. Viwanda vichache vya China na India vilivyofunga tanuri za kuiteketeza vilipata kredi kwa mamilioni, hata taka ikawa na faida kuliko bidhaa yenyewe, na ukatokea ushahidi kwamba vingine vilizalisha taka nyingi zaidi ili viiteketeze na kulipwa. Umoja wa Ulaya ulizikataa kredi hizo kuanzia Mei 2013. Kabla ya hapo, mwaka 2012, bei ya kredi za Kyoto kwa jumla ilikuwa imeporomoka hadi chini ya yuro moja.

Mapatano ya Paris ya mwaka 2015 yaliweka utaratibu mpya katika kifungu cha 6. Kanuni zake zilikubaliwa kwa sehemu kubwa Glasgow mwaka 2021 na kukamilishwa Baku mwaka 2024.

Masoko mawili

Kuna soko la lazima na soko la hiari. Katika soko la lazima, mnunuzi anabanwa na sheria au mkataba, kama mashirika ya ndege yaliyo chini ya mpango wa kimataifa wa usafiri wa anga uliokubaliwa mwaka 2016. Katika soko la hiari, kampuni hununua kwa kutaka, mara nyingi ili iweze kuwaambia wateja kwamba bidhaa zake "hazichangii mabadiliko ya tabianchi". Miradi mingi ya Afrika Mashariki huuza katika soko hili la pili.

Fidia haipaswi kuchanganywa na biashara ya vibali, ambayo Umoja wa Ulaya uliianza mwaka 2005. Huko serikali huweka kikomo cha jumla, hugawa au kuuza vibali vya kutoa gesi, na anayebana matumizi humwuzia asiyeweza. Kikomo ndicho kinachopunguza gesi. Katika fidia hakuna kikomo. Uzito wote unabebwa na ukweli wa hesabu ya mradi.

Jinsi kredi inavyopatikana

Mwenye mradi huandika kwanza andiko linaloeleza eneo, kazi itakayofanyika, na hali ambayo ingetokea bila mradi. Hali hiyo ya kufikirika ndiyo msingi wa kulinganishia. Andiko hupelekwa kwa shirika la viwango. Yanayojulikana zaidi ni Verra la Washington, Gold Standard la Geneva na Plan Vivo la Edinburgh. Mkaguzi wa nje huja kuthibitisha, kazi huanza, na baada ya muda vipimo hufanyika: mzunguko wa mashina hupimwa kwa utepe katika viwanja vya sampuli, picha za setilaiti hulinganishwa mwaka kwa mwaka. Tofauti kati ya kilichotokea na kile ambacho kingetokea, ikigawanywa kwa tani, ndiyo idadi ya kredi.

Kila kredi hupewa namba na kuandikwa katika daftari la wazi kwenye intaneti. Inaweza kuuzwa na kuuzwa tena kupitia madalali kadhaa. Siku mnunuzi wa mwisho anapoitumia kudai fidia, hufutwa daftarini isiuzwe tena. Katika safari hiyo bei hupanda, na kijiji kilichotunza msitu huwa hakijui kila mara kredi yake iliuzwa mwishoni kwa kiasi gani. Hili ni moja ya malalamiko ya haki kabisa dhidi ya biashara hii.

Miradi ya misitu ndiyo inayosikika sana, lakini kuna ya umeme wa upepo na jua, ya biogesi, ya majalala, na ya majiko banifu yanayotumia kuni au mkaa kidogo.

Mikoko ya Gazi

Ghuba ya Gazi iko katika kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Mikoko ya pwani hii ilikatwa kwa karne nyingi. Boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi kwa kuezekea nyumba, na upana wa vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ulifuata urefu wa boriti. Ukataji huo ulikuwa na mpangilio wake. Uharibifu mkubwa wa Gazi ulitokea miaka ya 1970, mikoko ilipofyekwa kwa ajili ya kuni za viwanda, na baadhi ya sehemu hazikuota tena zenyewe. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya ilifanya huko majaribio ya kupanda upya katika miaka ya 1990.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaotajwa kuwa wa kwanza duniani kuuza kredi za mikoko chini ya usimamizi wa jamii. Eneo ni dogo, hekta 117, nyingi zikiwa za msitu wa asili na chache za mikoko iliyopandwa. Kredi ni takriban 3,000 kwa mwaka chini ya kiwango cha Plan Vivo, na huuzwa kupitia shirika la hisani la Uskoti.

Mikoko inafaa kwa kazi hii kuliko misitu mingi kwa sababu ya matope. Majani na mizizi inayozama katika tope lisilo na oksijeni haiozi upesi, hivyo sehemu kubwa ya kaboni hukaa chini, si katika shina. Mkoko ukikatwa na tope likachimbuliwa, kaboni iliyojikusanya kwa mamia ya miaka huanza kutoka.

Waanzilishi walijua kwamba watu hawataacha kujenga kwa sababu tu mikoko imewekewa ulinzi. Walipanda mivinje nchi kavu ili ipatikane miti ya kujengea na kuni. Bila hatua hiyo, wakataji wangehamia ghuba ya jirani na anga isingefaidika kitu. Mapato ya miaka ya kwanza yalizidi kidogo dola 10,000 kwa mwaka, na vijiji vyenyewe viliamua katika mikutano yao yatumike wapi: maji ya bomba, vitabu na majengo ya shule, mahitaji ya zahanati. Kwa kampuni ya ndege hicho ni kiasi cha kuchekesha. Kwa kijiji ambacho wanawake walikuwa wakitembea kutafuta maji, si kidogo. Mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, na baadaye ukafuatwa na mradi mkubwa zaidi wa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania.

Wahadzabe na Katavi

Katika bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, Wahadzabe huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Maisha hayo yanahitaji pori, na pori lao lilikuwa likipungua kila mwaka kwa mashamba na malisho ya majirani. Mwaka 2011 walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa ardhi yao, na juu ya hati hiyo ukajengwa mradi wa kaboni ulioendeshwa pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania. Mapato hulipa walinzi wa jadi wa pori, matibabu na ada za shule. Mradi huu nao ulipata Tuzo ya Ikweta, mwaka 2019.

Mpangilio wa mambo ndio wa kuzingatiwa hapa: hati ya ardhi ilitangulia, kredi zikafuata. Mahali ambapo kredi zimetangulia, matatizo yamekuwa mengi.

Mkoani Katavi, vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata, makao ya sokwe, vimepokea mabilioni ya shilingi kutokana na kredi. Habari hizo zilipotangazwa, halmashauri nyingi nchini zilianza kutafuta wawekezaji wa kaboni, baadhi bila kuuliza kwanza kama misitu yao ilikuwa hatarini. Msitu ambao haumo katika hatari yoyote hauna cha kuuza, hata ukiwa mkubwa namna gani.

Ukosoaji

Swali zito ni lile la msingi wa kulinganishia. Mwenye mradi hufaidika akidai kwamba msitu ungeangamia upesi, na mnunuzi naye hufaidika kwa kupata kredi rahisi. Mkaguzi hulipwa na mwenye mradi. Hakuna katika mnyororo huo ambaye hasara ya udanganyifu inamwangukia. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa miradi 26 ya kuzuia ukataji wa misitu katika nchi sita, Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwemo. Watafiti walilinganisha maeneo ya miradi na maeneo mengine yanayofanana nayo, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya miradi haikuwa imepunguza ukataji kwa kiasi kinachoonekana, na iliyopunguza ilifanya hivyo chini ya ilivyodai. Verra ilipinga mbinu za utafiti huo, lakini ilibadilisha kanuni zake za kukokotoa msingi.

Majiko banifu yana kasoro nyingine. Hesabu hudhani kwamba kaya iliyopewa jiko jipya imeacha la zamani. Yeyote aliyekaa katika jiko la kijijini anajua kwamba mafiga matatu hayaondoki: jiko jipya huchemsha chai, na ugali wa watu kumi bado husongwa kwenye mafiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba kredi za majiko uliozichunguza zilizidi upunguzaji halisi kwa takriban mara tisa.

Kuna pia suala la muda. Hewa ukaa itokayo kwenye makaa ya mawe huathiri anga kwa karne nyingi, lakini mti unaoifidia unaweza kuungua wiki ijayo. Mashirika ya viwango huzuia sehemu ya kredi za kila mradi kama akiba ya dhamana. Moto wa mwaka 2021 uitwao Bootleg, jimboni Oregon, Marekani, uliteketeza misitu ambayo kredi zake zilikuwa zimekwisha kuuzwa, na ukazua shaka kama akiba hizo zitatosha katika dunia inayozidi kuwa na joto.

Lawama nyingine ni ya kimaadili. Wakosoaji husema fidia humpa tajiri ruhusa ya kuendelea na kumwachia maskini kazi ya kujinyima. Watetezi hujibu kwamba fedha hizi hazina mbadala wa haraka, na kwamba serikali zilizoahidi msaada wa tabianchi hazijatimiza kwa wakati. Majibu hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kampuni inayopunguza kwanza gesi zake kisha ikafidia zilizobaki iko katika hali tofauti na ile inayofidia bila kupunguza chochote, ingawa katika matangazo zote mbili hutumia maneno yaleyale.

Ardhi na haki za wenyeji

Katika Mlima Elgon, Uganda, taasisi ya Uholanzi iitwayo FACE iligharimia upandaji wa miti ndani ya hifadhi kuanzia mwaka 1994. Mpaka wa hifadhi hiyo ulikuwa na mgogoro wa muda mrefu na wakulima pamoja na Wabenet, wenyeji wa mlima, ambao walikuwa wamefukuzwa humo. Baadhi ya wananchi walifyeka miti ya mradi na kupanda mahindi. Kwao miti ile ilikuwa alama ya mpaka walioukataa, na kaboni haikuwa na maana yoyote.

Nchini Kenya, mradi wa Kasigau katika kaunti ya Taita-Taveta uliweka historia mwaka 2011 kwa kuwa wa kwanza wa aina yake kupewa kredi chini ya kiwango ambacho sasa husimamiwa na Verra. Novemba 2023 tume isiyo ya kiserikali ya haki za binadamu ya Kenya, KHRC, na shirika la SOMO la Uholanzi zilichapisha madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake katika mradi huo. Kaskazini mwa nchi, mradi wa kuhifadhi kaboni katika udongo wa malisho ulipingwa na baadhi ya wafugaji, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Moja ya hizo, Biliqo Bulesa, ilikuwa sehemu ya mradi wa kaboni.

Mwaka 2023 pia kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitia sahihi hati za maelewano na serikali za Liberia, Tanzania, Zambia, Zimbabwe na Kenya, kuhusu mamilioni ya hekta za misitu. Mashirika ya kiraia yaliuliza ni vijiji vingapi ndani ya hekta hizo vilikuwa vimesikia habari hiyo.

Sheria

Tanzania ilitunga kanuni za usimamizi wa biashara ya kaboni mwaka 2022, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Miradi husajiliwa kupitia kituo cha taifa cha kuratibu kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023: mradi wa ardhini lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kutoa gharama; kwa miradi isiyo ya ardhini ni asilimia 25. Neno "gharama" katika kifungu hicho ndilo linaloamua kijiji kitapata nini hasa, kwa kuwa anayeziandika ni mwenye mradi.

Suala jipya linalozikabili serikali ni la kuhesabu mara mbili. Kila nchi iliyo katika Mapatano ya Paris imetangaza lengo lake la kupunguza gesijoto. Kredi ikiuzwa kwa nchi nyingine chini ya kifungu cha 6, nchi iliyouza hulazimika kuirudisha tani hiyo katika hesabu zake, kana kwamba haikuipunguza. Nchi inayouza kwa bei ndogo punguzo lake rahisi, la misitu na majiko, inaweza kujikuta baadaye ikitafuta lengo lake kwenye viwanda na mitambo ya umeme, ambako kila tani ni ghali zaidi.